Nywele Chini ya Mpapai

Bomba la bafuni lilipoziba, mume wangu Edouard alipiga magoti, akaingiza waya, akavuta. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinene, kinachuruzika maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa kichwani. Akakitazama kile kitu, akanitazama mimi, akasema, "Ni majani tu," akakitupa kwenye ndoo.

Majani! Bafu lenyewe lina kuta nne na bati juu, majani yangepitia wapi? Lakini nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume asiyeona vizuri. Mwanamke mwenye jambo la kuficha habishanii majani.

Jina langu Adolphine, nauza vitenge sokoni, na mdomo ninao, muulize yeyote mtaani kwetu Hewa Bora. Nywele ndizo sikuwa nazo. Miaka mingi nilisukwa misuko ya kukaza mpaka macho yanavutika, na juu ya misuko nikabandika perruque, nywele za bandia, kwa gundi, kwa sababu muuza vitenge asiyependeza atamuuzia nani? Paji langu la uso likawa linapanda kila mwaka kidogo, likipanda kumtafuta kisogo. Nilipofikisha miaka arobaini na sita walikuwa wamekaribia kusalimiana.

Kwa watu wa sokoni sikujali, kwa sababu perruque inasema uongo vizuri kuliko mimi. Shida yangu ilikuwa mama mkwe.

Mama Ngosa anaishi Pweto, anakausha samaki wa ziwa, na kila akija kwetu ana desturi moja ambayo hata askofu hawezi kumwachisha. Jioni ya kwanza, kabla hata ya kuoga vumbi la njia, anaomba kigoda, anakaa, anafungua magoti, anatoa uzi mweusi kwenye mkoba wake. Mkwe anakaa chini kwenye mkeka katikati ya magoti yale, naye anamsuka. Anasuka kwa uzi kama zamani, taratibu, huku akieleza habari za Pweto, nani kaoa, nani kazama, nani anajifanya tajiri. Nilipoolewa nilikuwa msichana niliyefiwa na mama nikiwa mdogo, nikimwogopa huyu mwanamke kuliko radi. Jioni ile aliponishika kichwa, akanigeuza shingo kwa vidole vinavyonuka samaki, nilianza kulia. Aliendelea kusuka. Tangu siku ile nilikuwa na mama.

Sasa niambie, ungemketishia kichwa kisicho na kitu? Safari zake mbili za mwisho nilikimbia. Mara ya kwanza nilisema kichwa kinauma. Mara ya pili nilisema perruque ni mpya, tutaiharibu. Alitazama ile perruque kwa muda, akauviringa uzi wake, akaurudisha mkobani. Siku ya kuondoka alimwambia Edouard, sio mimi, "Muke yako alichoka na mikono yangu." Maneno yale yalinikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Ndipo nikaenda kwa daktari wa ngozi mjini, Daktari Michelle, mwanamke mwembamba anayeongea kama mtu anayekata nyanya.

Alinipa chupa ndogo ya matone, minoxidil, ya kupaka kichwani asubuhi na jioni. Kisha akanishika mkono.

"Mama, sikia muzuri. Mu mwanzo hii dawa itafanya nywele ianguke zaidi."

"Ianguke zaidi? Docteur, miye nilikuya juu iote!"

"Ile ya zamani inaachia mupya nafasi. Ni kama meno ya mutoto. Bantu mingi banaogopa, banaacha dawa, njo banapoteza yote. Weye usiache. Na perruque ya kubandika na colle, na misuko ya kukaza, mwisho."

Niliitika vizuri kabisa. Nikasema ndiyo Docteur, asante Docteur. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kuona mto wako asubuhi umeota nywele kuliko kichwa chako ni kitu kingine. Zilianguka kwenye chanuo, kwenye sahani, kwenye vitenge vya wateja. Nilizikuta ndani ya bukari, ugali wangu mwenyewe, nikazitafuna kimya kimya, kwa kuwa Edouard alikuwa mezani. Siku moja nilishika ile chupa juu ya choo, kifuniko wazi, nikitaka kuimwaga yote. Nikakumbuka uzi unavyoviringwa. Nikaifunga tena, nikajipaka matone yangu huku nikimtukana Daktari Michelle kwa lugha zote ninazojua. Mama Ngosa alikuwa ametuma neno kwamba atakuja mwisho wa kiangazi. Nilitaka kumketishia kichwa, basi. Hata kiwe kichwa cha kuku, lakini kiwe na kitu cha kushika.

Kulikuwa na shida nyingine. Kwetu nywele hazitupwi ovyo. Ndege akiziokota akajengea kiota, kichwa kitakuuma maisha yako yote, na mtu mbaya akiziokota, hapo usiseme. Ni Mama Ngosa mwenyewe aliyenifundisha. Kwa hiyo kila zilipojaa kiganja nilikwenda alfajiri nyuma ya nyumba, chini ya mpapai, nikachimba kidogo, nikazika. Hata yale "majani" ya Edouard niliyatoa ndooni nikayazika kwa heshima zote.

Mpapai ule uko karibu na ukuta wa Julienne.

Julienne ni jirani yetu, ana moyo mkubwa kuliko lupango lake, ua na nyumba pamoja, na duniani anaogopa kitu kimoja tu, kuchelewa kwenye kilio. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeamka vibaya, kishungi kizima kimeng'oka mkononi nikakaa kitandani nikalia hadi macho yakavimba. Nikafunga kitambaa cheusi, maana cheusi hakionyeshi nywele zinazoanguka, nikaenda kuzika. Nilipoinua macho, kichwa cha Julienne kilikuwa juu ya ukuta. Aliangalia shimo. Akaangalia nywele. Akaangalia kitambaa cheusi, kisha macho yangu.

"Yaya Adolphine..." akasema polepole.

Nilitaka kumjibu, machozi yakanitangulia. Nikakimbilia ndani.

Wewe unayesoma umekwisha kuelewa. Mwanamke aliyefiwa na mtu wa karibu ananyolewa, nywele zake zinazikwa, anafunga cheusi, na mtu mwenye adabu hamuulizi nani kafa. Julienne ana adabu. Hakuuliza, alifikiri. Alikuwa amemwona Edouard muda mfupi uliopita akienda kazini na chakula chake. Binti yetu Daniella alikuwa ameweka picha yake kwenye simu asubuhi ile ile, anakula ice cream Likasi. Mama yangu alikufa zamani. Alibaki nani? Julienne akaweka mkono mdomoni, akashuka ukutani, akaanza kazi.

Mimi sikujua lolote. Sikwenda sokoni, nilibaki jikoni nikichambua sombe, majani ya mhogo. Jua lilikuwa limepanda niliposikia gogo linaangushwa uani. Pu! Halafu la pili. Kisha gunia la makala, yaani makaa, viti vya plastiki, majiko mawili ya mbabula, na wanaume wawili wakifunga turubai kwenye mpapai wangu. Nikatoka na majani ya sombe mkononi. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanaingia mlangoni, mikono kichwani.

"Mama ya Pweto eee! Mama Ngosa eee! Ulituachia nani?"

Julienne alinikumbatia hadi mbavu zikalia. "Pole, Yaya. Kaza moyo."

Majani yalinianguka. Sikuuliza kitu, na nitakwambia kwa nini. Kwetu habari ya kifo haiambiwi mtu akiwa peke yake. Wanatangulia kuja watu, wanakuzunguka, ndipo unajua. Nikajua. Nikafikiri Edouard amepigiwa simu kazini, hakuweza kuniambia kwa mdomo wake, akawatuma wanawake. Nikakaa chini vumbini.

Mkwe hamlilii mama mkwe amejifunika kichwa kama mtu anayekwenda misa. Sikufikiri. Nilishika kile kitambaa, nikakivua, nikakitupa. Waswahili wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Walisahau kuniambia kwamba kilio kinaweza kuniumbua mbele ya Hewa Bora nzima, jua kali, na mke wa pasta akiwa mstari wa mbele.

Macho yote yakatua kichwani mwangu. Kisha wanawake wakalia kwa nguvu mpya. Baadaye Julienne aliniambia alichofikiri dakika ile: kwamba aliyeninyoa alikuwa mlevi.

Mimi sikuwaona. Nilikuwa nalia na ardhi. "Mama, ungeningojea! Ni juu yako nilinunua dawa! Nilitaka ukuye unisuke! Sikuchoka na mikono yako, Mama, sikuchoka! Sasa nani atanisuka?"

Edouard akaingia mbio, nguo za kazi bado mwilini. Mume wa Julienne ndiye aliyempigia. Aliponikuta vumbini nalia jina la mama yake, naye akajua, akafikiri mimi ndiye niliyepokea habari. Akakaa chini pembeni yangu. Akaona kichwa changu chote, wazi, jinsi kilivyo, na viraka vyake. Akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha pale, akalia. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na mbili na hakuwa amewahi kunishika pale.

Watu walijaribu kupiga simu Pweto. Réseau, mtandao wa simu wa Pweto, ilikuwa imelala. Simu ya Mama Ngosa mwenyewe ilikuwa imezimwa, na mzee mmoja akatikisa kichwa akasema simu ya maiti haiiti. Wote wakaona ni kweli.

Hapo akafika Mardochée. Mardochée ni mtu wa ukoo wa samaki, na Mama Ngosa ni wa ukoo wa mamba, ngandu kwetu, na koo hizo mbili zina utani wa tangu mababu. Mamba akifa, samaki ndiye anayekuja kumcheka maiti, kuwatukana wafiwa, kulala mlangoni asitoke mtu. Ni haki yake, tena ni kazi yake, na asipokuja mnaudhika. Mardochée aliokota kitambaa changu cheusi, akakifunga kichwani, akajaza kifua kwa matambara, akaanza kutembea uani kama Mama Ngosa, matako yakienda Zambia na kurudi.

"Hii ngandu ilikula bajomba yangu bote mu ziwa!" akapiga kelele kwa sauti ya kikongwe. "Leo iko wapi meno yake? Mulete niangalie! Edouard, usilie, mama yako alikuwa muchoyo, hata nyama ya kichwa ya samaki alikuwa anaficha!"

Watu wakaanza kucheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Hata mimi kicheko kikanitoka puani, na kikaniumiza zaidi, kwa maana ule mwendo ulikuwa wake kabisa. Mardochée akageuka, akawa anatembea kinyumenyume kuelekea mlango wa lupango, akitikisa kidole.

Mlangoni teksi ilikuwa imesimama. Harufu iliingia kwanza. Chisense wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa Mweru, gunia zima. Chini ya gunia alikuwa Mama Ngosa.

Aliona turubai. Akaona magogo, viti, wanawake chini. Gunia likaanguka, mikono ikapanda kichwani.

"Mayo! Edouard wangu! Nani alikufa? Ni nani alikufa hapa?"

Wanawake wakageuziana macho. Akamshika Julienne bega, akamtikisa.

"Nauliza! Nani alikufa?"

Julienne ana adabu, nimesema. Akainamisha kichwa.

"Ni weye, Mama."

"Miye?" Mama Ngosa akasimama akifikiri. "Lini?"

Sasa ndipo palipochafuka. Mke wa pasta aliruka ukuta, mwanamke mnene yule, hata leo hatujui alipita wapi. Viti vilianguka, mtu akamwaga maji ya bukari, mzee wa simu ya maiti akawa anatafuta rozari mifukoni. Edouard alikuwa amemkumbatia mama yake, anampapasa uso, mikono, masikio. Mardochée alikuwa bado kinyumenyume. Aligonga mgongo wake kwa Mama Ngosa, akageuka, wakaangaliana, kitambaa na kitambaa, matako na matako.

"Endelea," Mama Ngosa akamwambia. "Nilitaka siku moja nione namna natembea."

Nilicheka mpaka nikajilaza chini. Sijui kama umewahi kupewa mtu aliyekwisha kufa. Ni furaha isiyo na adabu. Nilimrukia, tukaanguka wote wawili juu ya gunia la chisense, na nusu yake ikawa unga.

Alikuwa amepata lori mapema, ndiyo hivyo tu, na simu iliishiwa moto wa betri njiani. Alitaka kutushtua. Tulipopumua, maswali yakaanza. Edouard alinielekezea mimi kidole, mimi nikamwelekezea yeye, mtaa wote ukamwelekezea Julienne, na Julienne akauelekezea mpapai.

"Nilimuona anazika nywele!" akalia. "Kitambala ya cheusi, macho mwekundu! Alors ningefikiri nini?"

Wote wakageuka wakaangalia kichwa changu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kiko wazi. Nikamnyang'anya Mardochée kitambaa, kikaniponyoka kikaanguka. Nikainama. Mguu wa Mama Ngosa ulikuwa umekikanyaga, na hakuuondoa.

"Ni juu yangu uliondoa kitambala?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya bantu bote hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ile perruque ya siku ile?"

Basi nikasema yote, pale pale, mtaa mzima ukisikiliza. Misuko, gundi, aibu, Daktari Michelle, chupa, na jinsi dawa ya kuotesha ilivyoanza kwa kuangusha. Nilisema sikukimbia mikono yake, nilikosa cha kuipa. Edouard akakohoa.

"Ile majani ya mu douche," akasema, "nilijua ni nywele."

"Ulijua! Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja weye useme." Kisha, taratibu kama anavyofanya kila kitu, "Nilizibua mara tatu ingine, usiku, saa weye unalala."

Nimpige au nimbusu, sikujua. Nilimpiga kidogo.

Mama Ngosa hakutusikiliza tena. "Kigoda," akasema. Mtu akaleta kigoda. Akakaa katikati ya kilio chake mwenyewe, chini ya turubai lake mwenyewe, akafungua magoti. Akatoa uzi mweusi.

Nilikaa. Wanawake wakaona kwamba moto upo, makala yapo, samaki wapo, na mtu wa kufa hayupo, wakaamua siku isiharibike. Mbabula zikawashwa, munkoyo, kinywaji cha mahindi, ukatoka kwa Julienne, Mardochée akaanza kudai sehemu ya samaki kwa kuwa ni ndugu zake. Mke wa pasta alirudi kwa mlango, kama watu. Na mimi kichwa changu kilikuwa mikononi, shingo ikigeuzwa huku na huku, na vidole bado vinanuka samaki. Alianza nyuma, mahali zilipobaki. Alinieleza nani kaoa Pweto na nani anajifanya tajiri.

Akafika mbele, karibu na sikio. Vidole vikasimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena polepole, kama mtu anayepapasa kitenge kujua kama ni halisi.

"Julienne," akaita. "Weye mwenye kuona bintu, kuya uone hii."

Julienne akaja, uso karibu na kichwa changu, akashika pumzi. "Mama! Biko binaota!"

"Vinaota nini?" nikauliza. Sikuthubutu kusogea.

"Nywele, yaya. Ya kidogo-kidogo. Laini, kama ya mutoto anazaliwa leo."

Mama Ngosa alichukua kidole changu, akakipeleka pale. Nilizigusa. Hazikuwa nyingi. Kilikuwa kiwanja kidogo cha manyoya juu ya sikio, na kingine upande wa pili, na hata kuku angecheka. Lakini zilikuwa zinasukuma kidole kwa chini, zikitoka. Nililia tena siku ile, mara ya tatu, na kilio hiki hakikuwa na maiti hata mmoja.

"Hii haiwezi kushikwa na uzi bado," akasema. "Ni fupi. Tutaingoja."

Akafunga msuko wa mwisho nyuma, akakata. Uzi ulibaki, kipande kirefu. Nilimwangalia akiuviringa kidoleni, kama siku ile ya perruque. Hakuurudisha mkobani. Aliuweka mkononi mwangu, akanifunga vidole.

"Chunga. Njo ya kusuka hii ya mbele, ikikua."

Mardochée, mdomo umejaa chisense, akapaza sauti kutoka kwenye moto. "Sasa Mama, shiye bantu ya kilio tufanye nini? Magogo iko, turubai iko. Tukungoje ao turudie ku nyumba?"

"Murudie," akasema Mama Ngosa, akijisafisha mikono kwenye kitenge. "Munaona hii kichwa? Iko nusu. Miye siwezi kufa na kazi nusu."

Alikwenda Pweto, akarudi kwetu baada ya mvua, na uzi ule tukaumaliza.